Mwongozo Kamili: Kufinyanga Kibao cha Ibada cha Coventina kwa Madhabahu ya Nyumbani

Wasomaji wanaotengeneza madhabahu ndogo za nyumbani kwa ajili ya Coventina, mungu wa kike wa chemchemi aliyeabudiwa katika Britania ya kale, wamekuwa wakieleza matatizo yanayofanana. Kibao hupasuka kabla hata ya kuchomwa, pembe hujikunja, mkono wa sanamu hubanduka, au kazi hutoka salama tanurini lakini mtu akiitazama hawezi kutambua kwamba ni ya Coventina, kwa sababu imejazwa alama za miungu wengine.

Karibu matatizo yote hayo hutokana na haraka wakati wa kukausha na kuanza kazi bila kutazama vitu vilivyopatikana ndani ya kisima chake mwenyewe. Ndiyo maana hatua ya kuchora na hatua ya kukausha ni ndefu kuliko nyingine katika mwongozo huu, nami naomba zisirukwe.

Tutatengeneza kibao kimoja cha udongo wa kuchoma, chenye picha iliyoinuka kutoka kwenye uso wake, ambacho kikikamilika kitakuwa na upana wa sentimita 24 na kimo cha sentimita 18 hivi. Nimechagua udongo kwa makusudi. Katika kisima cha Coventina kilichoko Carrawburgh, kaskazini mwa Uingereza, kando ya Ukuta wa Hadrian, yaani ukuta wa mpaka uliojengwa na Warumi, ambacho John Clayton alikifukua mwaka 1876, kilipatikana chetezo cha udongo chenye maandishi yanayosema kwamba Saturninus Gabinius alikitengeneza kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya Coventina, kutimiza nadhiri. Anayemfinyangia Coventina leo anafanya kazi iliyowahi kufanywa kwa ajili yake na kwa malighafi ileile.

Vifaa vinavyohitajika

Kusanya kila kitu kabla ya kufungua mfuko wa udongo, kwa kuwa udongo ulioachwa wazi huku ukitafuta kisu huanza kukauka pembeni, na hapo ndipo nyufa huanzia.

- Udongo wa mfinyanzi kilo 3, uliochanganywa na vigae vilivyopondwa. Chengachenga hizo za vigae hupunguza kusinyaa na huupa unyevu njia ya kutokea. Udongo laini sana, usio na chenga, ni mzuri kwa vikombe lakini ni mgumu kwa kibao bapa.
- Kifimbo cha kusukumia chapati, na fito mbili za mbao zenye unene wa sentimita 1.5 zilizo sawasawa kabisa.
- Kitambaa kizito cha turubai kisichoshika udongo.
- Vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja kikubwa kuliko kibao.
- Waya wa kukatia udongo, kisu chembamba, uma wa zamani, sindano nene, vijiti vya kufinyangia, na kijiko kidogo chenye makali au waya uliopindwa kitanzi kwa ajili ya kukwangua.
- Kadi ngumu ya plastiki isiyotumika tena.
- Sifongo, brashi mbili, bakuli la maji, magazeti ya zamani na mifuko ya plastiki isiyotoboka.
- Karatasi nyembamba ya kunakilia, penseli na rula.
- Mzani wa jikoni.
- Rangi za akriliki zisizong'aa, kwa hatua ya mwisho.

Kuhusu udongo unaojikaushia wenyewe bila kuchomwa, ushauri wangu ni kuuacha kwa kazi hii. Coventina ni mungu wa maji, na madhabahu yake bila maji haijakamilika. Udongo ambao haujachomwa ukilowa hurudi kuwa tope, na baadhi ya udongo wa viwandani hufura na kutoa ukungu.

Hatua ya 1: Amua kama ni nadhiri au ni zawadi

Uamuzi huu unaathiri maandishi utakayochonga, kwa hiyo hauwezi kusubiri. Watu waliotoa madhabahu za mawe katika Britania ya Kirumi mara nyingi walimalizia kwa herufi V S L M, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yanayosema kwamba mtoaji ametimiza nadhiri yake kwa hiari na kwa haki. Maana yake ni kwamba nadhiri ilitangulia, kisha ombi likajibiwa, kisha ndipo jiwe likachongwa.

Ikiwa uliweka nadhiri kwa Coventina na unaona imefika wakati wa kuitimiza, herufi hizo ni zako. Ikiwa hukuweka nadhiri yoyote na unataka tu kumheshimu, tumia D D, kifupi cha maneno ya kusema kwamba mtu ametoa zawadi. Kuandika V S L M pasipo nadhiri ni kutangaza malipo ya deni ambalo hukuwahi kukopa, na katika kitu cha ibada ukweli wa maandishi una uzito kuliko uzuri wa herufi.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiweza kuandika kwa sentensi moja, kwenye karatasi, kibao hiki kinatolewa kwa sababu gani.

Hatua ya 2: Chora kutokana na mawe yake

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Mchoraji hufungua mtandao, hukusanya kila kinachoitwa cha Kikelti, na matokeo yake ni mwanamke aliyezungukwa na misuko ya mafundo, farasi, bundi na nyoka. Misuko ile ya mafundo ilishamiri katika sanaa ya Kikristo ya visiwa vile kuanzia karne ya 7, wakati sarafu zilizotupwa katika kisima cha Coventina zinaishia karne ya 4. Bundi na kichwa chenye nywele za nyoka ni vya Sulis Minerva wa mji wa Bath. Farasi ni wa Rhiannon, ambaye tunamjua kupitia hadithi za Wales za Enzi za Kati. Kumpa Coventina vitu hivyo ni kumvika nguo za wenzake huku zake mwenyewe zipo.

Zake ni zipi? Jiwe maarufu zaidi lililotolewa kisimani, ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chesters pamoja na vitu vingine vya kisima hicho, lilitolewa na Titus Domitius Cosconianus, mkuu wa kikosi cha kwanza cha Wabatavi katika jeshi la Kirumi. Linamwonyesha mungu huyo akiwa amejiegemeza juu ya jani kubwa linaloelea majini, mkono mmoja ameuinua ukiwa umeshika mmea, na kiwiko cha mkono wa pili kimeegemea mtungi unaomwaga maji. Jiwe jingine lina wanawake watatu, kila mmoja ndani ya tao lake, wenye vyombo vya maji mikononi. Maji, mtungi, jani na tao: vitu hivi vinne vinatosha kujaza kibao cha ukubwa wetu, na hakuna hata kimoja cha kukisia.

Kwa kibao cha kwanza napendekeza mwanamke mmoja aliyejiegemeza. Umbo lake linalala, kwa hiyo uzito wa udongo unasambaa vizuri juu ya kibao chenye upana kuliko kimo, ilhali wanawake watatu waliosimama wanadai nyuso tatu, mikono sita na matao matatu, kazi inayofaa kwa aliyekwisha kuizoea.

Udongo utasinyaa kwa takriban asilimia 10 kuanzia ukiwa mbichi hadi utakapochomwa. Kwa hiyo chora katika kipimo cha sentimita 27 kwa 20, si kipimo cha mwisho. Gawa karatasi: sehemu ya juu, yapata sentimita 14, iwe ya picha, na sehemu ya chini iwe ya maandishi, pamoja na ukingo wa sentimita 2 pande zote.

Chora umbo kwanza kama maeneo makubwa: jani, mwili, mtungi, mkondo wa maji. Uso uache kwa mistari michache. Katika ukubwa huu kichwa kitakuwa na kimo cha sentimita 3 hivi, na ukijaribu kuchonga kope na mboni utapata uso wenye hofu. Wachongaji wa maeneo ya Ukuta walitumia macho makubwa, pua iliyonyooka na mdomo wa mstari mmoja, na nyuso hizo bado zinatutazama kwa nguvu.

Onyo: mkono ulioinuliwa usiuache uning'inie mbele ya kibao. Uchore ukiwa umelala juu ya uso wa nyuma kwa urefu wake wote. Mkono unaojitokeza hukauka kabla ya mwili na hukatika begani.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyejua lolote kuhusu Coventina, akiutazama mchoro kutoka hatua tatu, anasema: huyu ni mwanamke mwenye mtungi wa maji.

Hatua ya 3: Kanda, kisha sukuma

Kata udongo kwa waya, ukande kwa viganja mpaka ukikata kipande usione mapovu ya hewa wala tofauti ya rangi. Dakika kumi kwa kawaida zinatosha.

Tandika turubai, weka udongo katikati ya fito mbili, kisha usukume. Usisukume kuelekea upande mmoja tu. Sukuma kutoka katikati kwenda nje, geuza udongo juu chini, zungusha robo, sukuma tena. Udongo uliosukumwa upande mmoja husinyaa zaidi upande huo, na kibao chako cha mstatili kitatoka tanurini kikiwa na umbo usilolitaka. Kifimbo kikigusa fito zote mbili, unene umefika.

Sasa chukua kadi ya plastiki na usugue uso wote kwa kuikandamiza, kisha ugeuze kibao na usugue upande wa pili. Kazi hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayobana chembe za udongo pamoja, na kibao kilichosuguliwa pande zote mbili hupata nyufa chache sana.

Onyo kubwa: kuanzia sasa usikibebe kibao kwa mikono. Udongo uliopinda ukiwa mbichi hukumbuka mpindo huo, hata ukiunyoosha mara moja, na huurudia wakati wa kukauka au tanurini. Kibebe juu ya plaiwudi. Ukitaka kukigeuza, kibane kati ya plaiwudi mbili na uzigeuze pamoja.

Hatua ya 4: Pumzisha na kata

Tandika magazeti juu ya plaiwudi, weka kibao, kiache wazi mpaka kianze kukaza. Subiri hadi udongo usishike kidole lakini ukucha bado uweze kuacha alama kwa urahisi. Muda unategemea hewa: katika chumba chenye joto la kupasha nyumba huko Ulaya wakati wa baridi saa mbili zinaweza kutosha, na Mombasa au Zanzibar katika msimu wa mvua huenda ukasubiri hadi kesho yake.

Kata mstatili wa sentimita 27 kwa 20 kwa kisu kilichosimama wima. Laza karatasi yenye mchoro juu yake, upitie mistari kwa ncha butu ukibonyeza kidogo. Ukiondoa karatasi, mistari iwe inaonekana kwenye udongo. Mabaki ya udongo yafunge kwenye plastiki mara moja, maana utayatumia kufinyanga umbo na yanatakiwa kuwa na unyevu uleule wa kibao.

Umefanikiwa ikiwa kibao kinalala bapa, kingo zake ni safi, na ukikibonyeza katikati hakizami.

Hatua ya 5: Jenga umbo

Changanya mabaki machache ya udongo na maji mpaka upate rojo zito. Wafinyanzi wengi huongeza siki kidogo ndani yake ili lishike zaidi, nami naunga mkono.

Anza na jani, kwa kuwa ndilo linalobeba mwili. Tengeneza kipande bapa cha unene wa nusu sentimita, chanja upande wake wa chini kwa uma mistari inayokatana, chanja pia sehemu ya kibao kitakapokaa, paka rojo pande zote mbili, kisha ubandike na kukibonyeza kutoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki. Kila kipande kinachofuata, kiwe paja, kichwa au mpini wa mtungi, kinabandikwa kwa utaratibu huohuo bila kuruka hata hatua moja: chanja, chanja, paka, bonyeza. Vipande vyote vinavyobanduka baadaye ni vile vilivyobandikwa kwa maji matupu kwa kuwa fundi aliona ni vidogo.

Baada ya jani, jenga mwili kama vipande vitatu vinene: kifua, nyonga, miguu. Usiweke maelezo yoyote mpaka vipande hivyo vikae vizuri na mstari wa mwili uonekane kuwa wa mtu aliyepumzika. Nguo yake ianzie kwenye nyonga na mikunjo yake ifuate upande uleule wa mkondo wa maji, jambo linalounganisha picha yote. Kisha mtungi, na mkono ulioegemea juu yake. Kisha kichwa. Mwisho mkono ulioinuliwa na mmea wake.

Maji yanayotoka mtungini yafanye kwa nyuzi za udongo zilizobandikwa kisha zikalainishwa kingo kwa kijiti, na yaache yashuke hadi kwenye ukingo wa sehemu ya maandishi. Ninapenda hasa yanapogusa herufi za jina lake. Ukitaka pambo la ziada, michoro ya mizunguko ya mtindo wa La Tène, sanaa ya Wakelti wa kale, iliyotumika Britania kabla na wakati wa Warumi, inakaa vizuri kwenye tumbo la mtungi. Iwe ndogo.

Kimo cha umbo juu ya uso wa kibao kisizidi sentimita 2. Kadiri tofauti ya unene kati ya umbo na uso wa nyuma inavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu hizo zinavyokauka kwa kasi tofauti na kuvutana.

Ukihitaji kuacha kazi katikati, funika kibao chote kwa plastiki iliyobanwa pembeni. Kikikauka zaidi ya vipande unavyoongeza, ukibandika kipande kibichi juu ya kibao kikavu, kipande kitasinyaa peke yake na ufa utatokea kwenye kiungo. Hakuna rojo linalotibu hilo.

Umefanikiwa ikiwa ukimulika taa kutoka ubavuni, vivuli vinaonyesha umbo wazi bila msaada wa rangi.

Hatua ya 6: Maandishi

Subiri kibao kikaze zaidi kidogo, hadi kisu kikikata kitoe kipande safi kisichoshikamana.

Mstari wa kwanza uwe DEAE, wa pili COVENTINAE, yaani kwa mungu wa kike Coventina. Chini yake weka jina lako au herufi za mwanzo, ukimalizia na V S L M au D D kulingana na uamuzi wa hatua ya 1. Jina COVENTINAE lina herufi kumi, na ukigawa sentimita 23 zilizobaki ndani ya ukingo kila herufi inapata zaidi ya sentimita 2 za upana. Mistari mitatu yenye herufi za kimo cha sentimita 1 inakaa bila kubanana. Tumia V mahali pa U, na weka nukta ndogo ya pembetatu kati ya maneno, kama wachongaji wa Kirumi walivyofanya.

Ukikuta jina limeandikwa kwa namna nyingine kwenye picha za mawe, usishangae. Jiwe la Cosconianus lenyewe lina V mbili, COVVENTINAE. Chagua namna moja na uifuate.

Kwangua kila mstari kwa mpigo mmoja, ukivuta kijiti kuelekea kwako. Vichengechenge vinavyobaki kandokando ya herufi usiviguse sasa, kwa maana ukivisugua vikiwa vibichi vitaziba herufi. Kibao kikikauka vitaondoka kwa brashi.

Hatua ya 7: Punguza mgongo

Weka sifongo nene au taulo zilizokunjwa juu ya umbo, bana kwa plaiwudi ya pili, geuza. Pale nyuma ya kifua, nyonga na mtungi, ambapo unene umefika sentimita 3 au zaidi, kwangua udongo kwa waya wa kitanzi mpaka ubaki unene wa sentimita 1.5 hadi 2. Acha ukingo mzima pembeni.

Ikiwa unakusudia kukitundika, toboa sasa matundu mawili yenye upana wa milimita 8, yasiyo karibu na ukingo kuliko sentimita 2. Mimi napendelea kibao kisimame juu ya rafu kikiegemea ukuta, kwa sababu ya uzito wake, na pia kwa sababu kitu kinachosimama mbele ya bakuli la maji kinaonekana kama madhabahu ilhali kinachoning'inia huonekana kama pambo.

Hatua ya 8: Kausha polepole

Hatua hii haidai ustadi wowote, inadai uvumilivu tu, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Udongo husinyaa kadiri maji yanavyotoka. Kingo na sehemu nyembamba hutoa maji haraka, katikati na chini ya umbo huyatoa taratibu. Sehemu iliyokauka imeshaacha kusinyaa wakati iliyo mbichi bado inasinyaa na kuivuta, na udongo usiopenda kuvutwa hupasuka.

Kwa hiyo kazi yako ni kuzuia kingo zisitangulie.

Siku tatu za kwanza funika kibao chote kwa plastiki ili unyevu usambae na kulingana. Kisha ondoa plastiki katikati lakini acha utepe wake wenye upana wa sentimita 4 ukizunguka kingo zote, pamoja na kipande kidogo juu ya mkono ulioinuliwa. Badilisha magazeti ya chini kila siku, na kila mara ukibadilisha, kigeuze kibao kwa njia ya plaiwudi mbili na taulo ili mgongo nao upate hewa. Baada ya wiki moja hivi, rangi ikianza kufifia kwa usawa, ondoa utepe wa kingo.

Usikiweke juani, karibu na feni, juu ya jokofu wala karibu na kipasha joto cha chumba. Kingo zikianza kuinuka, rudisha plastiki, lowesha kingo hizo kwa sifongo iliyokamuliwa, na weka uzito mwepesi kwenye pembe. Ufa mwembamba ukionekana kibao kingali na unyevu, ubonyeze pamoja kwa kijiti, usiujaze rojo. Ukionekana kibao kikiwa kikavu kabisa, acha kama ulivyo.

Utajuaje kwamba kimekauka? Kwa kugusisha mgongo wake shavuni: ukihisi ubaridi, bado kuna maji. Kipimo cha hakika zaidi ni mzani. Pima uzito kila siku na uandike, na uzito usipopungua kwa siku mbili mfululizo, kiko tayari. Kwa unene huu tarajia wiki mbili hadi tatu, na zaidi penye hewa yenye unyevu mwingi.

Vichengechenge vya herufi viondoe sasa kwa brashi laini, taratibu, kwa sababu udongo mkavu ambao haujachomwa huvunjika kuliko wakati mwingine wowote. Kama kuna mahali pa kulainisha, tumia sifongo yenye unyevu kidogo. Usitumie msasa ukiwa mkavu: vumbi la udongo lina silika, na silika huharibu mapafu.

Hatua ya 9: Choma

Wengi hudhani kibao hulipuka tanurini kwa sababu ya povu la hewa. Kinacholipua ni maji. Unyevu uliobaki ukifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, mvuke hutafuta nafasi ghafla, na kipande huruka. Ndiyo sababu ya mzani katika hatua iliyotangulia.

Ukipeleka kwa mfinyanzi mwenye tanuri la umeme au gesi, mweleze aina ya udongo, unene wake, na umwombe alishikilie joto karibu nyuzi 90 kwa saa kadhaa kabla ya kupanda, kisha apandishe polepole hadi apite nyuzi 600. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwazi (aina ya madini ya silika) ndani ya udongo hubadilika umbo na kutanuka ghafla, na zikishuka hupita hapohapo tena, kwa hiyo kupoa nako kusiharakishwe. Mwisho wa joto kwa udongo mwekundu wa kawaida ni nyuzi 1000 hadi 1100, lakini maelezo ya aliyekuuzia ndiyo ya kufuata. Kibao kilazwe juu ya tabaka jembamba la mchanga ili kisinyae bila kukwama.

Msomaji aliye mbali na tanuri anaweza kukichoma kwa moto wa wazi, kama wafinyanzi wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanavyochoma vyungu vyao, lakini udongo uwe na chenga nyingi na kibao kipashwe joto kwanza kando ya makaa kwa saa kadhaa. Kitapata madoa meusi ya moshi, ambayo kwa macho yangu yanampendeza mungu wa kisima kilichojaa kivuli.

Umefanikiwa ikiwa ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinatoa mlio wa wazi. Mlio mfu unamaanisha kuna ufa usiouona, na kibao hicho kisitundikwe.

Hatua ya 10: Rangi

Michongo ya zama za Warumi ilipakwa rangi, na herufi mara nyingi zilitiwa nyekundu. Huna lazima ya kufanya hivyo, ila ukifanya, fanya kwa kiasi. Zimua rangi ya akriliki kwa maji mara tatu ya wingi wake, ipake yote, kisha ifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu ili ibaki kwenye mabonde tu. Kijani cha udongo kwa jani, bluu ya kijivu kwa maji, na nyekundu ya kutu ndani ya herufi. Mwili uache uwe rangi ya udongo.

Onyo: usitafute rangi nyekundu za kale za risasi au zebaki kwa ajili ya uhalisi. Ni sumu. Nyekundu ya kutu ya chuma inatosha na haina madhara hayo.

Hatua ya 11: Weka mahali pake

Chagua rafu inayobeba kilo 3 bila kuyumba. Weka kibao, mbele yake bakuli la kioo au la udongo uliong'arishwa kwa tabaka la kioo, lenye maji safi. Udongo usiong'arishwa hivyo hupitisha maji na utaharibu rafu. Mshumaa au chetezo kikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye kibao, ili masizi yasiuchafue uso wake.

Hakuna sala ya Coventina iliyotufikia kutoka zama zake. Yaliyobaki ni majina ya watoaji, jina lake, na kauli kwamba nadhiri imetimizwa. Kwa hiyo wakati wa kukiweka wakfu, osha kibao kwa maji kidogo, taja jina lake, taja jina lako, soma kwa sauti ile sentensi uliyoiandika katika hatua ya 1. Hiyo inatosha, na inafanana na walichokiacha waliotutangulia.

Ukiwahi kufika Carrawburgh, usichukue jiwe wala udongo kwa ajili ya madhabahu yako, na usitupe kitu majini. Ni sehemu ya urithi wa dunia unaolindwa kwa sheria. Zaidi ya sarafu 13,000 zilitolewa kisimani humo na zilitusaidia kuelewa ibada yake, na sarafu au shanga mpya zinachafua ushahidi uliobaki.

Utunzaji

Badilisha maji ya bakuli kila siku au kila unapoomba, yasikae hadi kuota utelezi. Vumbi liondoe kwa brashi kavu. Baada ya miezi kadhaa huenda ukaona unga mweupe kwenye sehemu za chini za kibao kilichokuwa kikirushiwa maji: hiyo ni chumvi iliyosafiri na maji hadi juu ya uso. Usiipake rangi juu yake. Tumbukiza kibao kwa usiku mmoja katika maji yasiyo na chumvi, yaani yaliyokenekwa (distilled), kikaushe kwa siku kadhaa mahali penye hewa, na rudia mpaka unga usitokee tena.